Makumbusho Yakitakiwa Kufungwa au Kuhamishwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Tanga

Ukurasa huu ni wa wakazi wa Tanga, wa mjini na wa vijiji vya pwani. Hautangazi kwamba jengo lolote la hapa limepangiwa kufungwa. Maswali haya ndiyo yanayojirudia barazani na kwenye magrupu ya simu kila zinapokuja habari kwamba serikali mahali fulani inataka kufunga makumbusho, au kuyahamishia mji mwingine. Aliyeandika majibu ana upande wake: anaona vitu vibaki vilipo mpaka anayetaka kuvihamisha alete hoja na karatasi.

Kwani Tanga tuna makumbusho?

Tunayo. Makumbusho ya Urithi yamo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, katikati ya mji, na wengi wetu tumelipita jengo hilo kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi bila kuingia. Kuna picha za kale na vitu vya maisha ya Tanga ya jana. Ukitoka mjini kuna vituo vya mambo ya kale: Mapango ya Amboni upande wa kaskazini, na magofu ya Tongoni upande wa kusini, kwenye barabara ya Pangani.

Usivichanganye. Magofu hayahamishiki, ukiyaacha bila mlinzi yanakwisha hapo hapo yalipo. Makumbusho ni jengo, vitu vilivyomo, na watu wanaovijua. Serikali inaweza kulifunga jengo, ikavihamisha vitu, na kuwapangia watu kazi nyingine, na kila moja kati ya hayo hupingwa kwa njia yake. Malalamiko mengi hukwama kwa sababu watu wanapigania jengo wakati malori yameshabeba vitu.

Mimi ni wa Ngamiani, nauza samaki. Likifungwa napoteza nini?

Kesho asubuhi hupotezi kitu, na anayekwambia vinginevyo anakuza mambo.

Hasara huja polepole, tena huja siku usiyoitegemea. Chukua mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, ikaja reli, wakaja manamba kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, na mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Watu wengi wa Tanga wa leo ni wajukuu wa safari hizo. Kadi ya kazi ya babu, picha ya kambi, mizani ya kupimia singa, hivyo huvikuti dukani. Mjukuu akitaka kujua kwao ni wapi, au familia ikiwa na shauri la ardhi, kikaratasi cha namna hiyo huwa ndiyo mwanzo wa maneno.

Kisha nenda Tongoni ukajionee. Zipo nguzo za makaburi ya kale zenye vishimo vilivyochongwa kubeba bakuli za Kichina. Vishimo vipo, bakuli hazipo. Mwongozaji anakuonyesha tundu na kukusimulia kilichokuwamo. Hivyo ndivyo mahali panavyokuwa vitu vikiondoka.

Vikipelekwa Dar es Salaam si vitatunzwa vizuri zaidi?

Pengine. Makumbusho ya Taifa yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 1940; yana wahifadhi waliosomea kazi hiyo na maghala yanayofaa kuliko chumba chenye dari inayovuja. Hoja hiyo ni ya kweli na si vizuri kuidharau.

Lakini uliza vitu vitaoneshwa au vitawekwa ghalani. Makumbusho makubwa kokote duniani huonesha sehemu ndogo tu ya mali yake. Picha ya Barabara ya Tisa ikiwa hapa Tanga, huenda akapita mzee akasema, "Huyu wa pili kushoto ni ami yangu." Ikiwa kwenye kabati Dar inaandikwa "mtaa, Tanga, mwaka haujulikani", na habari zake zinaishia hapo. Na mwanafunzi wa Pongwe hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi Dar ili akatazame jembe la kwao.

Mfano mkubwa wa kuhamisha tunao nchini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, wakaisafirisha Berlin. Imetunzwa vizuri mno: mmoja wao amesimamishwa huko, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Watu wa Lindi wanamwona kwenye picha.

Nani hasa ana mamlaka ya kufunga?

Swali hili liulizwe kwanza, kabla ya kukasirika. Mambo ya kale na Makumbusho ya Taifa yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Halmashauri ya Jiji iko upande wa TAMISEMI. Jengo linaweza kuwa la mmoja, vitu vikawa vya mwingine, na uendeshaji ukawa wa taasisi isiyo ya kiserikali. Usimamizi nao unahama: miaka ya karibuni Mapango ya Amboni yaliwekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na magofu ya Kaole kule Bagamoyo yakaenda kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu anaweza kuandika barua kali sana na kuipeleka ofisi isiyohusika.

Kibaya zaidi ni kila ofisi kusema si yangu. Makumbusho ya taifa ya Bosnia, yaliyoko Sarajevo tangu mwaka 1888, yalifungwa Oktoba 2012 kwa sababu baada ya vita na katiba mpya hakuna ngazi ya serikali iliyokubali kuwa mzigo huo ni wake. Mlango ukapigiliwa mbao.

Boma ni la Wajerumani, la zamani. Si linalindwa na sheria moja kwa moja?

Hapa wengi hudanganyika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inaweka mpaka wa mwaka. Kilichojengwa kabla ya 1863 kinalindwa kwa umri wake tu. Tongoni na Kaole, zenye karne kadhaa, zimo bila shaka. Wajerumani walifika baadaye, miaka ya 1880. Maana yake jengo la Kijerumani, hata likionekana la kale namna gani, halipati ulinzi huo kwa umri. Linahitaji Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali.

Basi swali la kuuliza kwa maandishi ni hili: je, jengo hili limetangazwa? Kwa tangazo namba ngapi, la mwaka gani? Likiwa limetangazwa, mnao ukuta wa kuegemea. Likiwa halijatangazwa, ombi lenu la kwanza liwe litangazwe, na hilo lifanyike siku za amani, si wiki ambayo greda limeshaegeshwa nje.

Kuna jambo la pembeni ambalo wenye nyumba za zamani hawalijui: sheria hiyo hiyo inazilinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Anayekuja na fedha taslimu kununua mlango wa nyumba ya bibi Pangani mwulize kibali chake kwanza.

Wanasema hawafungi, ni ukarabati tu wa muda. Tuwe na wasiwasi?

Kuweni na tarehe. Ukarabati wa kweli una mkandarasi, bajeti, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na orodha inayoonyesha kila kitu kimehifadhiwa wapi kwa wakati huo. Ukikosa hayo, "muda" ni neno tu.

Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na baadaye ikawa makumbusho. Ilifungwa mwaka 2012 kwa kuwa jengo lilishaanza kudondoka. Miaka ikapita. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Sisemi kufunga kulikuwa kosa. Jengo lilikuwa la hatari na ilibidi watu watoke. Kosa ni kulifunga jengo halafu matengenezo yakachelewa. Chumvi ya bahari haingojei mwaka wa fedha, na hilo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa.

Kwa nini fedha hiyo isijenge zahanati?

Swali halali, na mtetezi wa makumbusho asiyekuwa na jibu lake arudi nyumbani akajipange.

Afrika Kusini, kwenye kitongoji cha New Brighton mjini Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha), yalifunguliwa makumbusho ya Red Location mwaka 2006, ya historia ya kupinga ubaguzi. Usanifu wake ulipewa tuzo za kimataifa. Waliokuja kuyafunga ni wakazi wenyewe, Oktoba 2013. Nyumba walizojengewa na serikali zilikuwa mbovu, na makumbusho ya kifahari yamesimama katikati yao. Wakasema hayafunguliwi mpaka nyumba zitengenezwe. Miaka ikapita milango imefungwa, jengo likavunjwavunjwa na kuibiwa.

Ninavyoliona mimi, watu wale hawakuwa wakiichukia historia yao. Walichukia kuona fedha zinapatikana kwa ajili ya mgeni mwenye kamera na hazipatikani kwa paa la mwenyeji. Ikiwa makumbusho ya Tanga yatabaki kuwa ya watalii wachache wanaoshuka kutoka Usambara, siku ya kufungwa hakuna atakayesimama kuyatetea. Na mpango ukija wa "tufunge hili tujenge zahanati", ombeni bajeti zote mbili mzione. Mara nyingi kinachookolewa ni mishahara ya watu wawili watatu na bili ya umeme, kiasi ambacho hakijengi hata choo cha zahanati.

Kuna mahali watu walipinga wakashinda?

Pako, ila kila ushindi una lake.

Sydney, Australia. Makumbusho ya Powerhouse, ya sayansi na ufundi, yamo tangu 1988 katika jengo lililokuwa kituo cha kufua umeme, mtaa wa Ultimo. Mwishoni mwa 2014 serikali ya jimbo ilitangaza kuyahamishia Parramatta, magharibi mwa jiji. Wapinzani wakadai gharama zioneshwe, wakauliza mtambo wa mvuke wa mwaka 1785 utafunguliwaje na kusafirishwa bila kuharibika, na bunge la jimbo likafanya uchunguzi. Julai 2020 serikali ikageuka: Ultimo ibaki na Parramatta ijengwe pia. Ushindi? Nusu. Huko Parramatta nyumba ya kale iitwayo Willow Grove iliondolewa mwaka 2021 kupisha jengo jipya, wakazi wa huko wakipinga. Somo nililolichukua mimi ni kwamba wanaonyang'anywa makumbusho na wanaotaka kupewa wanaweza wote kuwa na kilio, na ni vizuri wazungumze wao kwa wao kabla serikali haijawagombanisha.

Sarajevo, niliyoitaja juu. Wafanyakazi waliendelea kuja kazini kulinda mikusanyo kwa miaka mitatu, muda mwingi bila mshahara. Mwaka 2015 ikaanzishwa kampeni iliyoitwa "Mimi ni Makumbusho". Wananchi wakajiandikisha kwenda kushika zamu pamoja na wafanyakazi wale. Yakafunguliwa tena Septemba 15, 2015. Nikiulizwa ni njia ipi inafaa Tanga, ni hii. Zamu tunaijua: tunashika zamu msibani na kwenye ulinzi wa mtaa. Afisa anayekuja na kufuli akikuta mama lishe, mwalimu mstaafu na kijana wa bodaboda wameketi ndani na daftari, inambidi afikiri mara mbili.

Lancashire, Uingereza. Halmashauri ilifunga makumbusho matano mwaka 2016 kubana matumizi, likiwemo jengo la Queen Street Mill lenye mitambo ya kufuma inayoendeshwa kwa mvuke. Mwaka 2017 ukafanyika uchaguzi, halmashauri ikabadilika, na baadhi ya majengo yakafunguliwa tena mwaka uliofuata. Diwani anasikia zaidi unapokaribia wakati wa kura.

Wakisema watauza kitu kimoja tu ili wapate fedha za kuendeshea?

Kataeni. Northampton, Uingereza, halmashauri iliuza sanamu ya Kimisri ya Sekhemka mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 15. Makumbusho yakafutiwa ithibati, na sanamu ikaenda kwa mnunuzi asiyetajwa jina. Sikatai kwamba fedha ilikuwa nyingi.

Marehemu baba alitoa picha na vyombo. Naweza kuvidai vikihamishwa?

Inategemea alitoa au aliazima. Akitoa, mali ni ya makumbusho; unachoweza kudai ni masharti aliyoyaweka, kama yaliandikwa. Akiazima, ni vyenu bado. Tatizo ni kwamba wazee wetu walitoa kwa mkono wa heri, bila risiti, na aliyepokea naye ameshastaafu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nenda ukaombe kuonyeshwa kitabu cha mapokezi. Tafuta jina la baba, tarehe, na namba iliyobandikwa kwenye kitu. Halipo? Andika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kitu kikoje, kilitolewa lini kwa kukadiria, nani alikuwepo, na uambatishe picha kama unayo. Waigonge muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Barua hiyo itakusaidia kuliko kulalamika redioni.

Tukisikia tetesi, tuanzie wapi?

Kwenye karatasi tatu: hati inayoonyesha jengo ni la nani, orodha ya vitu vilivyomo, na muhtasari wa kikao kilichoamua. Ziombeni kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Taja sheria kwenye barua. Usitukane. Omba kitu kimoja kimoja na si "taarifa zote".

Wakati mnasubiri, peleka hoja kwa mwenyekiti wa mtaa iingie kwenye mkutano wa mtaa, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Viti vya nyuma huwa vitupu. Katiba, ibara ya 21, inasema raia ana haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu, na ibara ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali ya pamoja. Ukizisoma zote mbili kwenye kikao kwa sauti ya upole, mwenyekiti hana pa kukukatiza.

Na pigeni picha. Kila chumba, kila kabati, kila lebo, kwa ruhusa ya mhifadhi. Orodha ya ofisi ikija na vitu pungufu, mtajua.

Tunaweza kuandamana?

Kwa taarifa ya maandishi kwa polisi, si chini ya saa 48 kabla. Binafsi ningeanza na zamu za Sarajevo. Hazihitaji kufunga barabara.

Na mahakamani je?

Inawezekana, ila ina milango yake. Kuishtaki serikali kwa kawaida kunatanguliwa na notisi ya siku 90. Kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa kiutawala kunatakiwa kufanyike ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe, ndiyo maana muhtasari wa kikao ni muhimu: bila tarehe ya uamuzi hamjui saa ilianza kuhesabu lini. Tafuteni wakili mapema, au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017.

Kwa majirani zetu, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu kuhusu bandari ya Lamu, na miongoni mwa iliyoyaona ni kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo na utamaduni wa mji wao haukuzingatiwa. Wavuvi walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Kesi ilichukua miaka.

Hatutaambiwa tunaleta siasa?

Mtaambiwa. Jibu ni kuwa na watu wa vyama vyote, na wasio na chama, kwenye barua moja. Shehe, padri, mwalimu mkuu, mwenye duka. Msimpe mgombea yeyote kipaza sauti siku ya kwanza.

Kwani hakuna kuhamisha kulikokubalika?

Kupo. Jengo likitishia kuanguka, vitu vitoke leo, maneno baadaye. Chumba kikiwa na unyevu unaokula karatasi na picha, kuzipeleka kwenye ghala kavu ni kuziokoa. Hata kuhamia jengo bora zaidi hapa hapa Tanga naweza kukuunga mkono.

Ninachotaka kiandikwe kabla lori halijawashwa: orodha iliyotiwa saini na pande mbili, nakala moja ibaki kata, vinakwenda wapi, kwa muda gani, nani anabeba gharama ya kuvirudisha, na nakala za picha zibaki hapa, kwa sababu kunakili picha siku hizi ni kazi ya simu tu. Ofisi inayokataa sharti hili la mwisho, ambalo haliigharimu chochote, huwa imeshakuonyesha nia yake kuhusu yale mengine.

Mimi si mtu wa mikutano. Nifanye nini?

Nenda ukaingie. Lipa kiingilio, andika jina na mtaa wako kwenye kitabu cha wageni. Hoja ya kwanza ya anayetaka kufunga huwa ni "wananchi hawaji", na ushahidi wake ni kitabu hicho hicho. Mchukue na mtoto. Kama nyumbani kuna picha ya zamani ya Tanga, ipige kwa simu, nyuma yake andika majina ya waliomo kabla shangazi anayewatambua hajasahau, na umpelekee mhifadhi nakala. Ile ya asili baki nayo.